Mtego upi ununue? Hesabu za MouseHunt kutoka Shika Adabu

Najua nimekuwa kimya. Kazi imenibana, kuna mfumo wa stoo ambao mteja wetu anaubadilisha mawazo kila Jumatatu asubuhi, na mimi ndiye ninayeukarabati kila Jumatatu usiku. Leo naomba tuweke kando hifadhidata. Nataka kuandika habari za panya.

Siyo kipanya cha kompyuta, ingawa hicho nacho utakihitaji. Nazungumzia MouseHunt, mchezo wa mtandaoni wa kuwinda panya uliotengenezwa na kampuni ya HitGrab ya Kanada. Ulianza mwaka 2008 ndani ya Facebook, wakati mimi bado nilikuwa shule ya msingi navaa kaptula, na mpaka leo unaendelea, kwenye kivinjari na kwenye simu. Wengi wenu hamjausikia. Wachache waliousikia waliuacha baada ya wiki moja wakisema hauna kitu cha kufanya. Ni kweli, karibu hauna. Na ndiyo sababu unanifaa.

Hebu fikiria. Mimi naishi Shika Adabu, kazi yangu iko kisiwani. Asubuhi napanda matatu mpaka Likoni, nasubiri feri, navuka, napanda nyingine. Jioni kinyume chake. Feri yenyewe haichukui muda mrefu majini; foleni ndiyo inayokula saa. Katika safari ya namna hiyo mchezo unaotaka uutazame bila kupepesa macho haukai, na bando halitoshi. MouseHunt hautaki hayo. Unatega mtego, unaweka jibini, unaondoka. Kila baada ya saa moja mtego wako unakaguliwa wenyewe, hata kama simu yako imezimwa. Ukitaka kuharakisha, kuna pembe ya kupuliza, lakini huruhusiwi kuipuliza zaidi ya mara moja kila dakika 15. Mimi naiita siwa, kwa heshima ya ile ya Pate na ile ya Lamu. Ukipuliza siwa, marafiki zako waliomo mchezoni wanaingia kwenye windo pamoja nawe bila wao kufanya lolote.

Kwa hiyo sisi tuko watatu: mimi, mdogo wangu tunayekaa naye nyumba moja, na binamu yetu aliyeko Muscat. Muscat wako mbele yetu kwa saa moja, basi yeye ndiye anayetupulizia siwa ya kwanza ya asubuhi, sisi bado tumelala.

Mara nyingi naulizwa, wewe si mtaalamu wa programu, kwa nini usiandike kidude cha kukupulizia siwa usiku kucha? Kwanza, sheria za mchezo zinakataza. Pili, kila baada ya muda unatokea mtihani unaoitwa King's Reward, unatakiwa usome herufi zilizopindapinda uziandike, na usipofanya hivyo hupulizi tena. Tatu, hata kama ningeweza, ningekuwa nimejenga mashine ya kucheza mchezo ambao tayari unajicheza wenyewe. Hapo mtu atakuwa amebaki na nini?

Haya, tuje kwenye jambo lililonifanya niandike. Mdogo wangu anafanya kibarua cha kupakia na kupakua kwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Likoni. Mwezi uliopita alikuja jioni, hata viatu hajavua, akaniambia, "Kaka, nataka uninunulie silaha kwa kadi yako, pesa nakutumia M-Pesa." Akanionyesha kwenye simu: silaha ya toleo maalumu, inauzwa kwa pesa za kweli, na ofa inaisha Jumapili. Kwa hesabu ya shilingi ilikuwa kama 1,500, yaani siku tatu za kubeba saruji. Nikamwambia sikatai, lakini anipe usiku mmoja nifanye hesabu. Akasema hesabu ya nini, si nguvu inaonekana imeandikwa pale?

Hapo ndipo penye tatizo, na si lake peke yake.

Mtego katika mchezo huu una sehemu nne. Kuna silaha, kuna kitako ambacho silaha inakaa juu yake, kuna jibini, na kuna hirizi ambayo si lazima. (Ndiyo, hirizi. Waandishi wa mchezo sijui kama waliwahi kufika pwani, ila walipatia.) Silaha na kitako kila kimoja kinakuja na namba zake: nguvu, bahati, mvuto, na mengineyo. Nguvu ndiyo namba kubwa kuliko zote, inahesabiwa kwa maelfu. Bahati ni namba ndogo, 5, 10, 20. Macho ya binadamu yanakwenda kwenye maelfu. Mtu akiona silaha moja ina nguvu 4,000 na bahati 10, nyingine ina nguvu 3,000 na bahati 22, anachukua ya kwanza bila kuuliza.

Wachezaji wa mchezo huu ni watu wabishi kwelikweli, na kwa miaka mingi wamekuwa wakikusanya kumbukumbu za mawindo yao na kuzichambua. Kuna kundi la MouseHunt Community Tools ambalo lina programu-jalizi ya kivinjari inayorekodi kila windo la aliyejiunga. Kutokana na kazi za namna hiyo imepatikana kanuni ya kukadiria uwezekano wa kumnasa panya aliyekwisha kuvutwa mtegoni. Ni makadirio, lakini ni makadirio mazuri:

(U × N + 2 × B × B) ÷ (U × N + P)

N ni nguvu ya mtego wako wote ukijumlisha kila kitu. P ni nguvu ya panya. U ni ufanisi wa aina ya silaha yako dhidi ya panya huyo. Asilimia 100 inaandikwa 1. B ni bahati yako ikizidishwa kwa U (hapo U haihesabiwi zaidi ya 1.4), kisha unakata desimali. Jibu likizidi 1, umemnasa bila shaka.

Itazame vizuri kanuni hiyo. Nguvu iko juu na iko chini pia. Ukiongeza nguvu unaongeza pande zote mbili, kwa hiyo faida yake inapungua kadiri unavyoendelea. Bahati iko juu tu, na imezidishwa kwa yenyewe.

Tuchukue panya mwenye nguvu 3,000, na silaha zote mbili za hapo juu ziwe na ufanisi wa 1. Ya kwanza, ya nguvu 4,000 na bahati 10: juu ni 4,200, chini ni 7,000, unapata asilimia 60. Ya pili, ya nguvu 3,000 na bahati 22: juu ni 3,968, chini ni 6,000, unapata asilimia 66.1. Ile "dhaifu" inanasa zaidi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuithibitisha kwa kalamu, na bado nimeona watu wazima wakiweka akiba ya dhahabu miezi miwili kwenda kununua ile ya kwanza.

Kuna jambo jingine ndani ya kanuni hiyo ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Bahati kadiri unavyokuwa nayo ndivyo inavyozidi kuwa na thamani. Mwenye bahati 10 akiongeza 2, anatoka asilimia 60 anafika 61.3. Mwenye 22 akiongeza 2 zilezile anatoka 66.1 anafika 69.2. Na ukifikisha bahati 39 dhidi ya panya huyo wa 3,000, basi nguvu haikuhusu tena. Utamnasa kila anapokuja, hata nguvu yako ikiwa ndogo namna gani, mradi ufanisi ni 1. Mbili mara 39 mara 39 ni 3,042, imeshampita.

Sasa ufanisi. Silaha za MouseHunt zina aina, nazitafsiri kwa Kiswahili changu: za mwili, za mbinu, za kivuli, za uchawi, za waliosahauliwa, za maji, za joka, za sheria, za ufa. Kila panya ana aina inayomweza na aina asizozijali. Ukimfuata Dragon kule Dracano bila silaha ya joka, kama Dragon Lance au Ice Maiden, utalisha jibini mpaka liishe. U ikiwa 0, juu inakuwa 0, na sifuri ukiigawa kwa chochote ni sifuri, hata ungekuwa na nguvu milioni. Ufanisi wa nusu nao ni mbaya kuliko unavyodhani, kwa sababu unaipunguza nguvu nusu, halafu bahati nayo nusu, halafu hiyo nusu inazidishwa kwa nusu nyingine. Mtego wa nguvu 6,000 na bahati 10 wenye ufanisi wa nusu unakupa asilimia 50.8 tu dhidi ya panya wetu yule. Yaani nguvu maradufu ya ule wa asilimia 66, na unashindwa vibaya.

Mvuto nitaupitia haraka. Kila jibini ina kiwango chake cha kuvuta panya, na mvuto wa mtego unafanya kazi kwenye kile kilichobaki tu. Jibini ya kuvuta asilimia 80 ukiiongezea mvuto wa 25 inafika 85, kwa sababu unachukua robo ya ile 20 iliyobaki. Jibini ya asilimia 98 ukiiongezea mvuto huohuo inafika 98.5. Kwa hiyo mvuto ni rafiki wa maskini anayetega kwa jibini ya bei rahisi. Ukishaanza kutumia jibini nzuri, usilipie mvuto.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyevua miaka mingi upande wa Mtongwe, alinikuta nimekaa barazani na karatasi yenye namba hizi akaniuliza nafanya nini. Nikamweleza. Nilidhani atacheka. Akasema, "Mwanangu, dema nalo ni hivyohivyo." Dema, kwa msomaji wa bara, ni ule mtego wa samaki unaosukwa kama kikapu kikubwa, mdomo wake unaingia ndani ukizidi kuwa mwembamba, samaki akipita harudi. Akaniambia mtu mgeni akija kununua dema anauliza ukubwa. Mvuvi anauliza litatupwa wapi, kwa samaki gani, na chambo ni nini, halafu ndipo anatazama macho ya dema yamesukwa nafasi gani. Dema kubwa mahali pabaya linarudi na konokono.

Nikamwambia kwamba kwenye pwani yetu hii watafiti wa bahari pamoja na wavuvi wamejaribu madema yenye upenyo mwembamba ubavuni, ili samaki wachanga na wale bapa wasio na nyama watoke wenyewe. Akasema anajua, amewahi kuyaona. Basi hapo ndipo tofauti ya dema na mtego wa MouseHunt inapokaa. Dema linaweza kujengwa lichague samaki. Mtego wa mchezo kwa kawaida hauchagui. Anayeamua panya yupi aje mara nyingi ni jibini pamoja na eneo ulilopo, na kazi ya mtego ni kumnasa aliyekwisha kuja. Kwa hiyo swali la "mtego upi ni bora" halina jibu mpaka useme uko eneo gani na umeweka jibini gani. Wanaouliza bila kusema hayo mimi siwajibu.

Turudi kwa mdogo wangu na ofa yake ya Jumapili. Niliandika programu fupi ya Python, haifiki mistari 40, nikaingiza kila silaha na kila kitako alichonacho au anachoweza kukipata, na panya anaowawinda. Hapa chini namba nimezikunja kidogo ziwe rahisi kusoma.

Mtego wake wa sasa ulikuwa ndio ule wa nguvu 3,000 na bahati 22, asilimia 66.1. Silaha ya ofa ingempeleka kwenye nguvu 4,200 na bahati 19. Ni silaha nzuri, sitaisema vibaya. Juu 4,922, chini 7,200, asilimia 68.4. Yeye hupata mawindo kama 34 kwa siku: 24 za ukaguzi wa kila saa na siwa kama 10. Akitumia jibini nzuri, silaha hiyo ingemwongezea robo tatu ya panya kwa siku. Panya watatu kila siku nne, kwa shilingi 1,500.

Halafu programu ikanionyesha kitu ambacho hatukukiuliza. Kulikuwa na kitako kinachonunuliwa kwa dhahabu ya mchezo, na dhahabu alikuwa nayo. Kitako hicho kilikuwa na nguvu pungufu ya kile anachotumia kwa 100, ndiyo maana hakuwahi kukitazama mara mbili, lakini kilizidi kwa bahati 4. Silaha yake ya zamani juu ya kitako hicho: nguvu 2,900, bahati 26, asilimia 72.1. Karibu panya wawili zaidi kwa siku, bila kutoa hata thumni.

"Basi ninunue vyote viwili," akasema. Hiyo ndiyo hoja ya kila mtu, na ina haki ya kujibiwa. Silaha mpya juu ya kitako kipya: nguvu 4,100, bahati 23. Asilimia 72.6. Yaani ukishakuwa na kitako, silaha ya shilingi 1,500 inaongeza nusu ya asilimia moja na ushei. Faida zake hazijumlishiki kama ndizi sokoni, kwa sababu silaha ile inaleta nguvu na kuondoa bahati, na kitako kimeifanya kila bahati iliyoondoka kuwa ghali zaidi.

Akatulia kidogo, kisha akaleta hoja nzuri kuliko nilivyotarajia. Akasema, "Na huko mbele, panya wakiwa wakubwa?" Nikaendesha programu tena na panya wa nguvu 20,000. Mtego wa zamani na kitako kipya: asilimia 18.6. Silaha ya ofa na kitako kipya: asilimia 21.4. Kwa hiyo ana haki. Dhidi ya panya wakubwa, ambao bahati yako haijawakaribia, nguvu inarudi kuwa na maana. Tatizo ni kwamba eneo analofuata linataka silaha za aina nyingine kabisa, na hapo silaha ya ofa U yake ni sifuri kwa wengi wao. Angeibeba tu begani.

Sikumkataza. Pesa ni zake, mgongo uliobeba saruji ni wake. Nilimwachia karatasi mezani.

Ijumaa alinunua kitako. Mpaka Jumatatu alikuwa na mawindo 102, panya 100 walivutwa, akanasa 74. Akaniamsha kuniambia kanuni yangu imekosea, si 72. Nikamweleza kuwa katika panya 100 kupanda au kushuka kwa wanne au watano ni jambo la kawaida kabisa, hata sarafu ukiirusha mara 100 haikupi 50 kamili. Hakunielewa au hakutaka kunielewa, ila tangu siku hiyo anaandika namba zake kwenye daftari la shule lililobaki kurasa, na wiki mbili sasa yuko asilimia 71. Ofa ilipita Jumapili ile akiwa kazini. Zile 1,500 alilipia matairi mawili ya baiskeli.

Binamu yetu wa Muscat yeye aliinunua silaha ileile kwa riali zake. Nilimtumia hesabu zote. Akanijibu kwamba amezisoma, amezielewa, lakini silaha ile ina umbo zuri na yeye anaitazama kila anapofungua simu. Hapo sina kanuni. Jana alikuwa ananiuliza kitako gani kinaendana na rangi yake, na bado ndiye anayetupulizia siwa ya asubuhi, kwa hiyo nimemjibu kwa upole.